Bwawa Lisilokauka

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Achola alizunguka nyuma ya nyumba na kichujio cha chai mkononi. Chini ya mfereji wa mabati palikuwa na beseni kuukuu lenye maji ya kijani, na ndani ya maji hayo viluwiluwi wa mbu walikuwa wakijikunjakunja. Aliwachota, akawasuuza, akaingia nao ndani polepole kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa. Majirani walikuwa wamemsema hadi wakachoka. Mama mwenye nyumba alimwambia waziwazi kwamba ni yeye anayewafugia watu malaria ploti nzima. Achola aliinamisha kichwa, akaomba msamaha, akafunika beseni kwa kipande cha chandarua, na kesho yake akarudi na kichujio chake.

Samaki aliyekuwa akimngoja alikuwa mmoja tu. Hakuzidi urefu wa kidole kidogo cha mkono, lakini alikuwa amemwagiwa rangi za kutosha ukoo mzima: mwili wa samawati, kila gamba limetiwa ukingo mwekundu, na mkia mwekundu mtupu, kama pilipili iliyoiva. Majike wake walikuwa wa kijivu, wasio na majivuno yoyote, nao walikuwa wamekufa wote wawili, mmoja kabla ya Krismasi na mwingine baadaye. Nabwire, msichana wa Busia waliyepanga naye nyumba pale Kisian, alikuwa amempa huyo dume jina la Bwana Harusi.

"Ameamka?" Nabwire aliuliza asubuhi hiyo, mswaki ukiwa mdomoni. "Mwangalie. Suti imepigwa pasi, bibi harusi hayuko. Mwambie asijali, wanaume wa Kisian wote wako hivyo. Wamependeza na hawana pa kwenda."

Achola alicheka kwa pua. Aliinamisha kichujio juu ya tangi la kioo, na Bwana Harusi akapanda juu taratibu. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Samaki wa aina yake hawafikishi mwaka; wanazaliwa kwa haraka, wanakua kwa haraka, wanachakaa kwa haraka. Achola alilijua hilo vizuri, na bado kila asubuhi alimtazama mgongo kwa hofu.

Hapo ndipo simu ilipolia.

Alikuwa Baba. Baba hakuwa na desturi ya kupiga simu asubuhi. Kwa kweli Baba hakuwa na desturi ya kupiga simu kabisa. Yeye alibipu, akakata, akangoja apigiwe, na akipigiwa alisema habari za mvua na habari za ng'ombe, kisha akaaga. Tangu Mama azikwe, hata hizo za ng'ombe zilikuwa zimepungua.

"Baba? Kuna nini? Uko mzima?"

"Maji yamejaa," alisema Mzee Owiti. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Achola hakukitambua mara moja. "Kule chini, kwenye kidimbwi. Hii mvua imekijaza. Njoo Jumamosi uone."

Kichujio kilimponyoka, na viluwiluwi waliosalia wakamwagika sakafuni.

"Nitakuja, Baba," alisema. "Nitakuja kabisa."

Kidimbwi kilikuwa nyuma ya boma lao, upande wa Kombewa, mahali ardhi nyeusi inapobonyea kidogo kabla ya kupanda tena kuelekea kwa jirani. Hakikuwa na mto wala mfereji wa kukilisha. Mvua ikinyesha kilijaa, ng'ombe wakanywa, na baada ya majuma machache samaki wakaonekana ndani yake, wekundu na samawati, kama mtu amepita akidondosha shanga. Jua likizidi kilikauka, samaki wakafa wote, matope yakapasuka vipande vipande kama sahani zilizovunjika. Watu walisema samaki hao huanguka na mvua. Mama yake Achola aliwaita watoto wa mvua, akakataza mtu yeyote asiwachezee.

Achola alipokuwa mdogo, mwaka mmoja aliona maji yakipungua mpaka samaki wakalala ubavu. Alikimbia na kikombe cha bati, akawa anawachota mmojammoja na kuwapeleka kwenye mtungi wa Mama. Walikufa hata huko. Alilia siku ile mpaka akapata homa.

Ni chuoni, miaka mingi baadaye, ambapo mhadhiri mmoja alionyesha picha ya samaki walewale ukutani na kueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wazazi hutaga mayai ndani ya matope kabla maji hayajaisha. Wazazi hufa. Mayai hulala ndani ya udongo mkavu miezi na miezi, jua likiwachoma watu vichwa, na mvua ikirudi yanaanguliwa. Ukame hauwamalizi, ndio unaowalinda. Mayai yasiyokaushwa hayaanguliwi ipasavyo, na maji yakikaa mwaka mzima huingia samaki wakubwa wakawala wote. Achola alikaa kwenye kiti chake akajikuta anatokwa na machozi, na wanafunzi wenzake wakadhani amefiwa.

Jioni ile alimpigia Mama simu akamweleza yote. Mama alicheka kwa furaha. Baba, Achola hakumweleza. Wakati huo Baba alikuwa hasemi naye sana, kwa sababu alitaka binti yake asomee uuguzi, na alikuwa amesema mbele ya shangazi zake wote: "Nimekupeleka chuo ukajifunze samaki? Samaki si tunao hapa?" Baadaye hasira ziliisha, lakini mazoea ya kutosema yalibaki.

Kwa hiyo kila kiangazi Achola, ambaye sasa alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya wasichana, alikwenda nyumbani na gunia na jembe, akachimba matope makavu ya kidimbwi, akarudi nayo Kisian. Aliyalowesha kwenye beseni la maji baridi, na watoto wa mvua wakaanguliwa mbele ya macho yake. Wakikua aliwawekea bakuli la udongo ndani ya tangi, wakataga humo, naye akaukausha udongo ule na kuufunga kwenye mfuko. Mwaka huu alikuwa amefunga mfuko haraka, udongo ukiwa bado na maji mengi, na alipoufungua ulinuka. Kila yai lilikuwa limevaa kuvu kama pamba. Alipanga kwenda kuchimba mengine Februari. Kazi za shule zikamshika, mvua ikatangulia.

Lakini sasa maji yalikuwa yamejaa, maana yake mayai ya kidimbwini yalikuwa yameanguliwa, na wachumba wa Bwana Harusi walikuwa wakiogelea huko muda huohuo. Alihitaji tu wavu na mitungi. Mahali pengine pa kuwapata hakupajua. Vidimbwi vingine alivyowahi kuvisikia, kimoja kilikuwa kimejengewa vyumba vya kupangisha, kingine kimejazwa kifusi, na cha upande wa Asembo Bay alikifuata kwa miguu akakuta mtu amelima mahindi. Kidimbwi cha kwao kilikuwa cha mwisho anachokijua.

Jumamosi alifika mapema. Alishangaa kumkuta Baba langoni amevaa koti la kanisani. Alishangaa zaidi kuona viti vimepangwa uani, na Mchungaji Zadock ameketi kwenye kimoja akinywa chai, na majirani, na Opiyo, kibarua aliyemsaidia Baba kazi zake za uashi.

"Baba, kuna mkutano?"

Mzee Owiti alitazama wavu na mitungi kwenye kikapu cha binti yake, akatabasamu. Tangu mazishi Achola hakuwa ameliona tabasamu hilo.

"Umekuja na wavu," alisema. "Nilijua. Twende."

Mzee Owiti alikuwa fundi wa matangi. Maisha yake yote aliyamaliza akijenga matangi ya mawe ya kuvunia maji ya mvua, katika shule na makanisa ya Seme nzima, na watu walikuwa wakisema kwamba tangi la Owiti likivuja, basi si la Owiti. Alikuwa amestaafu kwa sababu ya magoti. Achola alipomfuata nyuma ya boma na kuona alichokifanya, kitu cha kwanza alichokiona, kabla hata ya kuelewa, ni kwamba ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Kidimbwi hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na bwawa la duara, limejengewa mawe yaliyochongwa, limepigwa plasta ya simenti laini kama ndani ya chungu. Kulikuwa na ngazi za kushukia na bomba la kutolea maji machafu. Maji yalikuwa mengi, safi, na mtu aliweza kuona hadi chini, na chini kulikuwa na sakafu nyeupe tupu. Kando ya bwawa, chini ya kivuli cha mabati, viliwekwa viti viwili vya plastiki vipya, vinatazama maji.

"Baba," alisema Achola. "Yale matope?"

"Niliyatoa yote!" Baba alijibu. "Mpaka nikafika kwenye mwamba. Muulize Opiyo."

"Usiniulize, dada," alisema Opiyo. "Matope yale yalikuwa yanashika jembe kama yamelipwa. Nikamwambia Mzee, tuache kidogo, simenti itafunika. Akasema hapana, hata kijiko kisibaki. Mgongo wangu mpaka leo unamlaani."

Watu walicheka. Baba akanyanyua mkono, na Achola akaelewa, kwa woga, kwamba baba yake alikuwa anataka kutoa hotuba. Mtu huyu ambaye kwenye mazishi ya mkewe alisema sentensi moja.

"Mnamuona huyu," alisema. "Alipokuwa mtoto, kidimbwi hiki kilikauka, samaki wakafa. Akawa anawabeba kwa kikombe. Alilia, watu wangu, alilia nikadhani ameng'atwa na nyoka. Mama yake akaniambia, Baba Achola, wewe unajengea watu wote maji, na mtoto wako analilia maji nyuma ya nyumba." "Wakati huo sikuwa na simenti yangu mwenyewe, nilijenga ya watu. Sasa nimejenga. Hili halitakauka. Jua lije, Januari ije, hili halitakauka tena."

Walipiga makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mchungaji Zadock aliomba kwa muda mrefu, akataja bahari ya Galilaya na wavu uliojaa, akaomba maji yale yasipungue kizazi hata kizazi, na watu wote wakasema amina. Kisha Opiyo akaleta ndoo. Ndani yake walikuwa vifaranga wa ngege, samaki wa ziwani, wamejazana, midomo juu.

"Mwenye bwawa ndiye anayemwaga," alisema Baba, akampa ndoo.

Achola aliipokea. Alikuwa na maneno. Yalikuwa pale, yamefika hata kooni: Baba, ngege watakula kila kitu. Baba, mayai yalikuwa ndani ya yale matope. Akainua macho kumtazama baba yake, na akaona mikono yake. Simenti ilikuwa imeila. Vidole vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, kucha zimekuwa nyeupe, na kwenye kiganja cha kushoto kulikuwa na kidonda kilichofungwa kitambaa cha leso ya Mama. Kwa magoti yale mabovu alikuwa ameipiga plasta sakafu yote hii.

Aliinamisha ndoo. Ngege waliteleza ndani ya maji, wakatawanyika.

"Sema kitu, binti," mchungaji alimhimiza. "Usiwe na haya. Leo ni siku yako."

"Asante, Baba," alisema Achola.

Makofi yakapigwa tena.

Wageni walipokuwa wakila, alizunguka bwawa akitafuta. Matope yalikuwa yamerundikwa upande wa chini yakawa tuta, na Opiyo alikuwa ameshapanda viazi vitamu juu yake. Mvua ilikuwa imelilowesha tuta, jua likalikausha, mvua ikalilowesha tena. Achola alipiga magoti na gauni lake zuri, akachimba kwa mikono kati ya mashina ya viazi, akajaza mfuko wa plastiki.

"Unachukua udongo wa nini?" Baba aliuliza. Alikuwa amekuja kuketi kwenye kimoja cha vile viti viwili.

"Wa maua, Baba."

"Chukua mwingi. Ni udongo mzuri." Alipapasa kiti cha pili, kama mtu anayefuta vumbi. "Hutaketi kidogo? Maji yanaonekana vizuri kutoka hapa."

"Giza litanikuta njiani."

Baba alitazama juu. Jua lilikuwa utosini.

Kisian, Achola alimwaga udongo wa tuta kwenye beseni, akaumiminia maji baridi, akakaa kusubiri. Zamani walianguliwa siku hiyohiyo. Siku hiyo hakuna aliyeanguliwa, wala kesho yake. Alikuwa ameshakata tamaa alipowaona, wachache, wembamba kama ukope wa jicho, wenye macho mawili meusi.

"Hawa ni samaki ama ni macho tu yanatembea?" Nabwire aliuliza akiinama. Kisha akasema, "Lakini mbona wanatambaa?"

Walikuwa wanatambaa. Achola alikuwa ameliona hilo tangu alfajiri, akijifanya hajaliona. Samaki mchanga akiisha kuanguliwa hupanda juu akameza hewa kidogo, na hewa hiyo ndiyo inayomwezesha kuelea maisha yake yote. Yai likiamshwa vibaya, likaloweshwa nusu, likakaushwa, likaloweshwa tena, mtoto hutoka hana nguvu ya kupanda. Asipopanda siku ya kwanza, hapandi tena. Hawa walikuwa wakijikokota sakafuni mwa beseni, tumbo chini, wakipiga mikia kwa bidii bila kuinuka hata upana wa unywele.

Aliwapunguzia maji yakawa ya kina cha kidole. Aliwalisha kwa kitone, kwa sindano ya dawa isiyo na ncha. Walikufa mmojammoja. Kila asubuhi alianza kwa kuwaondoa waliokufa, ndipo akaenda kuchota viluwiluwi wa Bwana Harusi. Na asubuhi moja alimwaga viluwiluwi kwenye tangi la kioo na hakuna aliyepanda. Bwana Harusi alikuwa kwenye kona, chini, nyuma ya bakuli la udongo. Rangi zake zote zilikuwa zingalipo.

Siku hiyo Nabwire hakufanya mzaha. Alimtengenezea Achola chai, akakaa mkabala naye.

"Mpigie Mzee simu umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba amewaua."

"Alifanya kwa upendo, Nabwire. Ungeona mikono yake."

"Mimi sijasema hakukupenda. Akikukanyaga mguu kwa upendo, utamwambia asante?"

"Nilimwambia asante."

Nabwire alitikisa kichwa. "Basi endelea kukanyagwa."

Baba alianza kubipu. Zamani alibipu mara moja kwa mwezi. Sasa ilikuwa kila Jumapili, na wakati mwingine katikati ya juma. Achola akipiga, Baba alimwambia habari za ngege. Wameongezeka unene. Mmoja ameruka nje, Opiyo akamrudisha. Maji hayajapungua hata kidogo. "Unakuja lini?" Achola alisema kazi ni nyingi. Alisema kuna mitihani. Alisema, mwezi mmoja, kwamba hajisikii vizuri, na haikuwa uongo wote. Mwishowe simu ikibipu aliitazama tu mpaka mwanga wake ukazimika.

Jumapili moja alasiri mtu alibisha mlango. Nabwire ndiye aliyefungua.

"Nani? Mzee Owiti? Ndiye wewe? Mimi nilidhani wewe ni hadithi ambayo Achola anatupigia! Karibu, Mzee, karibu. Ingia na viatu, nyumba haina dini."

Mzee Owiti hakuwahi kukanyaga pale. Alivua viatu licha ya hayo, akavipanga ukutani, akaingia akiwa ameshika mfuko uliotota mafuta.

"Ni wale wa bwawa," alimwambia Achola. "Bado ni wadogo kuliwa, lakini nilitaka uonje. Niliwakaanga mwenyewe. Wameungua kidogo upande mmoja."

"Asante, Baba. Karibu kiti."

Nabwire aliwatazama wote wawili, akasema anakwenda kutafuta soda, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Baba hakuketi. Alizunguka chumba kama mtu aliyeitwa kukagua kazi. Alifika kwenye tangi la kioo, likiwa na maji tu ndani yake, akapitisha kidole kwenye viungo vya pembeni.

"Halivuji," alisema kwa heshima. "Nani alilijenga?"

"Fundi wa vioo, mjini."

"Ni fundi." Alichungulia. "Na samaki wako?"

"Alikufa."

"Pole." Akageuka, akaona beseni kwenye stuli karibu na dirisha. Aliinama kwa shida, mkono kwenye goti. "Kuna mmoja hapa. Mdogo sana. Achola, mbona hapandi juu?"

Alikuwa ndiye wa mwisho. Alikuwa ameishi kuliko wenzake wote, na alikuwa ameanza kuonyesha doa jekundu mkiani. Alipiga mkia, akajikokota, akapumzika.

"Hawezi," alisema Achola.

"Ni mgonjwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Sasa si ungemleta nyumbani?" Baba alisema, na uso wake ukang'aa kidogo, kama mtu aliyepata njia. "Humu maji ni kidogo, ndiyo maana. Mlete kwenye bwawa. Kule maji ni tele."

Achola alikuwa ameshika sahani ya kuwekea ngege. Aliiweka mezani. Sauti iliyotoka haikuwa ya juu, lakini ilitoka yote.

"Baba, mimi sikutaka maji. Nilitaka kidimbwi kikauke."

Mzee Owiti alinyooka polepole.

Akamwambia. Alimweleza habari za mayai na matope, na jinsi ukame unavyowalinda, na kwa nini alikuwa akija na gunia kila kiangazi, na mfuko uliooza, na kwamba hakuna kidimbwi kingine anachokijua. Alimweleza habari za udongo wa tuta, kwamba haukuwa wa maua. Baba alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, kama alivyokuwa akiwasikiliza watu waliokuja kumwambia tangi lina ufa.

"Kwa hiyo yalikuwa ndani ya yale matope," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Niliyotoa."

"Ndiyo, Baba."

"Opiyo alitaka tuache kidogo." Alijitazama viganja. "Ulijua haya tangu lini?"

"Tangu chuoni."

"Mama yako alijua?"

"Alijua."

Hilo lilimwingia kuliko mengine. Lilionekana mabegani.

"Mimi nilikuwa nikikuona kutoka dirishani," alisema. "Kila kiangazi. Unakuja na jembe, unachimba ardhi kavu, hutaki msaada, unaondoka. Nikasema mtoto wangu anachimba kutafuta samaki waliokufa. Nikasema huzuni gani hii."

"Hukuniuliza, Baba."

"Na wewe ulisema asante. Mbele ya mchungaji. Ningekuuliza nini tena?"

Nje Nabwire alisikika akicheka na mama mwenye nyumba, akicheka kwa sauti kubwa makusudi, ili wajue hasikilizi.

"Nina nyundo kubwa," alisema Baba. "Naweza kuvunja ile sakafu."

"Mayai hayapo tena. Ukivunja utabaki na shimo."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akaenda mlangoni, akaanza kuvaa viatu vyake, na magoti yakamsumbua, na Achola alipokwenda kumsaidia aliinua mkono kumzuia. Alivaa kimoja. Alivaa cha pili. Alisimama amempa mgongo, mkono kwenye kitasa.

"Mimi sikuwafikiria samaki," alisema. "Hata wangekuwa vyura. Ulikuwa unakuja mvua ikianza, na unakuja matope yakikauka, na katikati huji. Tangu Mama yako aondoke, katikati huji kabisa. Nikasema, maji yakikaa mwaka mzima, atakuja mwaka mzima." Alifungua mlango, jua likaingia. "Nilitaka uje ukae na mimi, nyathina, mwanangu. Ni hilo tu nililokuwa najenga."